Redio inakwaruza baada ya kufunga antena mpya: uanze kutafuta wapi

Mteja akirudisha gari siku mbili baada ya kufungiwa antena, maneno huwa ni yaleyale: "Fundi, umeniwekea antena mbovu." Mara chache sana antena huwa mbovu kweli. Fimbo ya chuma iliyosimama juu ya paa haina mengi ya kuharibika. Kinachokosewa ni nusu ya pili ya antena, ile ambayo haiuzwi kwenye boksi. Fimbo ni nusu tu. Nusu nyingine ni bodi la gari lenyewe. Ukiisimamisha juu ya rangi, plastiki au gundi bila kugusana na chuma cha bodi, umefunga nusu antena, na redio nayo itakusikilizisha nusu nusu.

Kabla ya kufungua paa wala kurudi dukani kugombana, fanya kipimo kimoja.

Kipimo cha hanga

Vuta redio itoke kwenye dashibodi, soketi ya umeme iache ilipo. Nyuma utaona tundu la duara lenye plagi ya antena, ichomoe. Tafuta waya wa sentimita 75. Hanga la waya, lile la dobi, likinyooshwa linafaa kabisa. Kwangua rangi kwenye ncha moja, ichomeke katikati ya tundu bila kugusa ukingo wa chuma, na upande mwingine utokeze dirishani, mbali na nyaya za umeme. Washa redio, weka stesheni kubwa ya mji ulipo.

Zile sentimita 75 hazikuokotwa. Wimbi la FM kwenye megahezi 100 lina urefu wa mita 3, na robo yake ndiyo hiyo. Ndiyo maana milingoti ya magari ya zamani ilikuwa mirefu vile. Siku hizi fimbo ni fupi, waya umezungushwa kama springi ndani ya mpira. Inapendeza, haivunjwi na matawi, lakini kila sentimita iliyopunguzwa umeilipia kwa usikivu.

Stesheni zikiingia kwa hanga, redio yako ni nzima: tatizo liko kati ya plagi na ncha ya antena. Zisipoingia, antena haina kosa. Hapo angalia redio na mipangilio yake, hasa kile kitufe cha "LOC" ambacho watoto hupenda kukibonyeza. Kikiwa kimewaka, redio inatafuta stesheni zenye nguvu tu na kuziruka nyingine zote. Ila usifanyie kipimo hiki chini ya paa la bati. Nimeshawahi kumshauri mtu anunue redio mpya kwa sababu ya bati la gereji yangu mwenyewe. Bahati nzuri hakuwa na hela siku hiyo.

Stesheni za chini ya 90 zinaimba, za juu hazipo

Hapa hata ufunge antena ya meli, hutapata kitu. Gari limetoka Japani na redio yake ya kiwandani, na redio hiyo imetengenezwa kusikiliza Japani. Kule FM ilianzia 76 na kuishia 90, kwa sababu sehemu ya juu ilikaliwa na televisheni za analojia mpaka zilipozimwa mwaka 2011. Tangu 2014 wameanza kurushia stesheni za AM kati ya 90 na 95, kwa hiyo redio za magari mapya kidogo zinafika 95. Kwetu FM inakwenda mpaka 108.

Dar es Salaam watu wanakaa na hali hii miaka bila kujua. East Africa Radio iko 88.1, Clouds 88.5, Wasafi 88.9, zote zinaingia kwenye redio ya Kijapani bila shida. Mwenye gari anadhani ana redio nzima. Siku akitafuta Times FM kwenye 100.5, au akisafiri mikoani, ndipo anakuja kudai antena. Nairobi mtu hugundua mapema zaidi: Capital iko 98.4, Kiss 100.3, Classic 105.2, Radio Citizen 106.7. Karibu kila anachokitaka kiko juu ya ukomo wa redio yake.

Dawa ya bei ndogo ni konveta, kile kiboksi kinachokaa kati ya waya wa antena na redio na kushusha masafa. Wengi wananunua bila kuuliza kinashusha kwa kiasi gani, na hapo ndipo dalili mpya zinapozaliwa. Konveta ya 18 inaichukua Capital ya 98.4 na kuileta kwenye 80.4; Radio Citizen inasikika kwenye 88.7. Safi kwa Nairobi. Ukiifunga hiyohiyo Dar, Clouds inashuka mpaka 70.5, mahali ambapo redio haifiki, na mteja anarudi amekasirika kwa sababu umemuulia stesheni aliyokuwa nayo. Ukimpa ya 10, Clouds inakaa 78.5 vizuri, lakini Times FM inaangukia 90.5, nje kidogo ya mstari. Piga hesabu kabla ya kununua: namba ya stesheni toa namba ya konveta, jibu liwe kati ya 76 na 90.

Baadhi ya konveta zikikatiwa umeme hupitisha mawimbi kama yalivyo. Ukiipata ya aina hiyo, weka swichi ndogo kwenye waya wake mwekundu, utakuwa na redio mbili kwa moja. Mimi lakini, mteja akiwa na uwezo, namwambia anunue redio ya kawaida inayofika 108 na amalize mambo. Konveta huongeza kelele yake, na stesheni kubwa za 88 na 89 hupenya na kupandana na zile zilizoshushwa.

Kuna na kinyume chake. Redio mpya imefungwa, lakini konveta ya zamani imesahauliwa nyuma ya dashibodi, ina umeme na inafanya kazi. Dalili yake ni stesheni kuimba kwenye namba isiyo yake, na nyingine kupotea kabisa. Fuata waya wa antena kwa mkono kutoka nyuma ya redio. Ukikuta kiboksi chenye ukubwa wa kiberiti, kitoe.

Stesheni zote zipo, ila dhaifu na zenye mkwaruzo

Hii ndiyo dalili inayojaza gereji.

Mzee mmoja aliniletea Toyota Noah. Mlingoti wake ulikuwa umevunjwa na tawi la mwembe, akanunua mwingine mzuri tu, akafungiwa mtaani. Redio ilishika stesheni mbili akiwa mjini, akivuka Kibaha haisikiki hata moja. Nilifungua tepu nyuma ya dashibodi, nikakuta waya wa antena umekatwa na kuungwa kama waya wa kengele: viwili vimesokotwa, tepu juu.

"Mzee wangu, nani aliunga hapa?"

"Kijana mmoja. Nikamuuliza kama inafaa, akaniambia waya ni waya."

Waya wa antena si waya tu. Ndani kuna uzi mwembamba, juu yake plastiki, juu ya plastiki wavu wa shaba, kisha ganda. Uzi wa ndani unabeba mawimbi, wavu ni ethi, yaani upande unaogusana na chuma cha bodi. Kwenye ile Noah unywele mmoja wa shaba kutoka kwenye wavu ulikuwa umelala juu ya uzi wa kati. Unywele mmoja, ambao bila tochi usingeuona, na mawimbi yote yalikuwa yanaishia kwenye bodi kabla ya kufika kwenye redio. Nilikata sehemu ile, nikaweka waya wa kuongezea wenye plagi zake pande zote mbili. Usiunge kwa kusokota. Kama huna budi kuunga, choma kwa risasi uzi kwa uzi, uvike plastiki, kisha wavu kwa wavu kuzunguka kote. Waya wa dishi watu wanautumia kuongezea na kwa FM unapita, ingawa ni mgumu kupinda. Kwa AM utapoteza.

Kama una mita, huhitaji kubahatisha. Chomoa plagi ya antena nyuma ya redio, weka mita kwenye omu. Vipimo hivi ni vya antena ya fimbo ya kawaida isiyo na kikuza mawimbi ndani.

Kwanza, ncha ya kati ya plagi na ukingo wake. Mita isionyeshe kitu, yaani pasiwe na mguso. Ikisoma namba yoyote, kuna unywele mahali, au maji yameingia kwenye waya.

Pili, ncha ya kati na fimbo yenyewe juu ya paa. Isome karibu na sifuri. Isiposoma, waya umekatika au fimbo haigusi kitako. Hili la fimbo kutogusa liko sana kwenye zile fimbo fupi za kununua mtandaoni: skrubu yake ni ya milimita 5, kitako cha gari ni cha 6 au kinyume chake, wanakupa kiunganishi kwenye mfuko na wewe unakikaza nusu. Imesimama, inaonekana imekaa, lakini chini haijafika.

Tatu, na hapa ndipo pa kukaa muda: ukingo wa plagi na chuma cha bodi, sehemu isiyo na rangi, kwa mfano skrubu ya bawaba ya mlango. Unataka chini ya omu 1. Ukipata omu nyingi, au hakuna mguso kabisa, kitako cha antena kimekaa juu ya rangi. Fungua nati kwa ndani, kwangua rangi upande wa chini wa bati kuzunguka tundu mpaka chuma kimeremete, weka washa yenye meno, kaza, kisha paka grisi ili kutu isianze. Usikwangue upande wa juu. Maji yatakaa hapo. Kwa magari ya pwani rudia kipimo hiki hata kama antena ilikuwa inafanya kazi mwaka jana. Chumvi ya hewani hula mguso ule taratibu, na ukifungua unakuta unga wa kijani.

Na kama gari halina fimbo kabisa, usitafute fimbo. Tazama vioo vya nyuma na vya pembeni: mistari myembamba isiyokuwa ya kuondoa ukungu ni antena. Antena ya kioo ina kikuza mawimbi kidogo pembeni, na hicho kinataka umeme wa volti 12. Kwenye redio ya kiwandani umeme ule ulikuwa unakwenda wenyewe. Kwenye redio mpya unatoka kwenye waya wa bluu, na fundi aliyefunga redio ameufunga tepu akisema "hili gari halina antena ya mota". Basi redio inashika stesheni iliyo jirani tu. Unganisha bluu na waya wa kikuza mawimbi, na mara nyingi stesheni zinarudi palepale bila kununua antena yoyote. Ni tatizo ninalolipenda: dakika kumi, na mteja anakuona mchawi.

Pima waya huo kwa mita, siyo kwa taa ya balbu, kwa sababu kwenye redio nyingi hauruhusiwi kubeba zaidi ya miliampia 300 hivi na balbu inaweza kuvuta zote. Kwa sababu hiyohiyo usiuunganishe moja kwa moja na mota ya antena inayopanda na kushuka, weka rilei, ile swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili kupitisha mkubwa. Na usikichukulie kikuza mawimbi umeme wa betri wa moja kwa moja, maana kitakunywa betri gari likiwa limelala. Magari ya Ulaya kama VW na Audi yana mtindo wake: umeme wa kikuza mawimbi unapanda ndani ya waya uleule wa antena, na plagi yake ni ya mraba yenye ganda la plastiki. Hapo lazima upate adapta yenye mkia wa bluu. Ukilazimisha kwa kukata plagi, umejikatia na umeme.

Kioo kikibandikwa tinti yenye chembe za metali, antena ya kioo nayo inafunikwa. Kama redio ilidhoofika wiki ya tinti, jibu unalo.

Pezi la papa

Pezi la papa ni ile antena fupi ya juu ya paa yenye umbo la pezi. Sitayaficha maoni yangu: mengi ya mapezi ya kubandika ni mapambo. Ukiligeuza ukakuta gundi tu na hakuna waya, libandike ukipenda, lakini fimbo ya zamani iache mahali pake. Yale yenye waya yana kikuza mawimbi ndani. Yanataka umeme, yanataka kuunganishwa na kitako cha fimbo ya zamani, na yanataka ethi. Hiyo ethi ndiyo isiyopatikana, kwa sababu gundi imekaa juu ya rangi. Kama kuna waya mweusi, upeleke kwenye skrubu ya bodi. Kama hakuna mweusi na kitako cha zamani kimetolewa, rudisha fimbo. Hanga la dobi litalishinda pezi hilo mchana kweupe.

Kelele inayopanda ukikanyaga mafuta

Mluzi unaopanda na kushuka pamoja na injini unatoka kwenye alteneta. Mkwaruzo wa ta-ta-ta unaoongeza kasi pamoja na injini unatoka kwenye mfumo wa plagi za moto. Swali ni umeingilia wapi. Chomoa plagi ya antena injini ikiwa inaunguruma, uache redio kwenye FM. Kelele ikibaki, inaingia kwa waya za umeme au ethi ya redio. Antena haihusiki, na ukiweka muziki wa USB utaisikia pia. Ikitoweka, imeingia kwa njia ya antena, nawe rudi kwenye kile kipimo cha tatu, ethi ya kitako. Antena iliyofungwa kwenye bawa la mbele karibu na boneti itasikia plagi za moto kuliko iliyo nyuma ya paa.

Kama kelele haifuati injini ila ipo tu, kama maji ya bomba, chomoa chaja ya simu kwenye soketi ya sigara. Kisha kamera ya dashibodi. Kisha zima taa za LED ulizobadilisha mwenyewe. Kimojakimoja, ukisikiliza. Chaja za bei rahisi zinarusha kelele kwenye FM kuliko mtu anavyodhani, na nimeona watu wamebadilisha antena mbili kwa sababu ya chaja moja.

Zinazofanana na ugonjwa lakini sio

Gari lililotengenezwa kwa soko la Marekani, kama mengine yanayopitia Dubai, lina redio inayoruka hatua mbili mbili: 98.1, 98.3, 98.5. Stesheni ya 98.4 haimo, utaisikia pembeni ikiwa na sauti ya kupasuka. Tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kuchagua kanda. Redio nyingi za kununua zinayo, za kiwandani mara nyingi hazina.

Ukisimama kwenye taa za barabarani kati ya majengo marefu, stesheni ikachafuka, ukasogea nusu mita ikatakata, hiyo ni mawimbi yaliyogonga ukuta yakirudi kupambana na yaliyokuja moja kwa moja. Na ukiteremka Kitonga kuelekea Morogoro, redio ikanyamaza kwenye kona, usifungue dashibodi. FM haipindi milima.

Matone kwenye paa la ndani

Kama umetoboa paa, kazi haijaisha mpaka umejaribu maji. Kabla ya kutoboa ulipaswa kuchomoa hasi ya betri na kusubiri dakika chache, kwa sababu kwenye nguzo za pembeni za magari mengi kuna mifuko ya hewa, na waya wa antena haupiti juu ya mfuko wala mbele yake. Unapita nyuma, pamoja na nyaya za kiwandani. (Redio zenye namba ya siri zitaidai ukirudisha betri. Iulize kabla.)

Maji yakiingia kwenye kitako yanafuata waya mpaka kwenye plagi ya redio, na dalili ya kwanza huwa ni redio nzuri kiangazi na mbovu masika. Kagua mpira wa chini ya kitako. Ukiwa mgumu au umepasuka, badilisha, usiongeze silikoni juu ya uchafu. Kisha mwambie mtu apande na jagi la maji, amimine polepole kuzunguka kitako kwa dakika tano, na wewe ukae ndani, kitambaa cha paa kikiwa kimefunguliwa, kiganja chako kikiwa kimelala juu ya nati.